Nina picha 14 chini ya kitanda na nyingine 4 zimekwama hotelini, nianzie wapi kujiajiri kwa uchoraji?

rangi_za_mbagala

Habarini za humu ndani, wakubwa shikamooni.

Mi ni binti wa miaka 26, niko Mbagala, mchana nakaa kwenye stationary ya mama mdogo natoa fotokopi na kubaindi, usiku ndo nachora. Sijasomea popote. Nilianza na vibao vya saluni na vinyozi, vile vya vichwa sita mteja anachagua staili, hapo ndo nilijifunza kushika brashi. Miaka miwili hii sasa nachora mikono ya makonda wa daladala. Mikono tu, sura hamna. Ile noti wanavyozikunja kwa urefu wanazipanga katikati ya vidole, buku zinakaa nje, msimbazi wa elfu kumi umefichwa ndani kabisa, afu chenji wanaichezesha kiganjani inalia ujue unadaiwa nauli. Kucha, makovu, ile pete ya bati, yote naiweka.

Nikiposti watu wanajaa, "dada una kipaji", "Mungu akuinue", moto moto zile za emoji, ila hela hamna. Nimeuza moja tu, jamaa wa mtaani, elfu 30. Mwezi wa pili nikapeleka nne kwenye hoteli moja ya huku ufukweni, mali kauli, meneja akasema zikiuzwa wao wanakata asilimia 40 mi nachukua iliyobaki, nikafurahi nikaacha nikaondoka, hatukuandikishana kitu. Sasa meneja kahamishwa, huyu mpya ananiambia yeye hajui hizo habari na picha ni za hoteli. Nimelia nimechoka.

Maswali yangu, najua ni mengi mnisamehe: lazima niende chuo ndo nichukuliwe serious? Bei mnapangaje jamani maana nikitaja naona aibu? Na mtu anaanzaje kujisimamia mwenyewe bila kusubiri mzungu wa galari aje amuone? Kazi ya stationary siwezi kuacha leo wala kesho, kodi ya chumba inanisubiri.

---

Mjumbe_Nyumba_Kumi

Uchoraji ni hobi dada angu. Mama mdogo kakupa sehemu ya kukaa, jifunze biashara hapo ufungue ya kwako. Mikono ya makonda nani ataweka sebuleni, si tunagombana nayo kila asubuhi.

---

hesabu_kwanza

Mjumbe umeamkaje leo? Mi hiyo picha ya noti katikati ya vidole nimeiona kichwani kabla sijamaliza kusoma, kwa hiyo tuache hilo.

Binti, mi ni mhasibu, wikiendi nachora, na nimesimamia mauzo ya wasanii wawili watatu hivi kwa hiyo ngoja nianze na unayoona aibu. Hebu tuhesabu hiyo ya elfu 30. Amerikani (kitambaa cha kuchorea), mbao za fremu, gundi, rangi, brashi inayokwisha, mi nikitengeneza picha ya sentimita 60 kwa 80 inanila kama elfu 38. Kama na yako iko hapo hapo, basi ulimlipa yule jamaa elfu nane aondoke na picha yako. Na nauli ya kwenda Kariakoo kununua rangi hatujaigusa.

Sasa wengi wanakwambia piga eneo, urefu mara upana mara shilingi kadhaa. Tuseme 50 kwa kila sentimita ya mraba, 60 mara 80 ni 4,800, mara 50 inakuja 240,000. Sawa. Ila jaribu na ndogo ya 30 kwa 40 inakuja elfu 60, na kubwa ya 120 kwa 150 inaruka hadi laki tisa. Ndogo unapunjika (uso wa kidole unachora kwa muda ule ule), kubwa haiuziki. Ndo maana mi najumlisha badala ya kuzidisha. Urefu jumlisha upana, halafu mara namba yako moja. 60 na 80 ni 140, mara 1,700 ni 238,000. Ile ndogo inakuwa 119,000, ile kubwa 459,000. Unaona zinavyokaa kama ndugu? Hiyo 1,700 ni mfano, we anza na namba ambayo ukiitaja hutetemeki, halafu ukiona zinaisha unapandisha kidogo, ila usishushe kamwe maana aliyenunua jana utamfanya mjinga.

Halafu asilimia 40 sio wizi, ni kawaida, galari nyingi zinakata kati ya 30 na 50. Shida ni kama hukuiweka kwenye bei. Picha ya 240,000 wakikata 40 wanachukua 96,000, unabaki na 144,000, toa 38,000 ya vifaa, 106,000. Kama umeichora siku tano ni elfu ishirini na moja na mia mbili kwa siku. Hapo ndo ujiulize unaona sawa au la. Na bei iwe moja kila mahali. Ukiuza hotelini 240 halafu mtu akikufuata nyumbani unampa kwa 120, siku wakijua hawakuweki tena ukutani.

La mwisho, leo leo kabla hujalala, nunua kauntabuku. Kila picha ipe namba, jina, vipimo, imechorwa na nini juu ya nini, mwaka, bei, na iko wapi SASA HIVI. Hiyo safu ya mwisho ndo itakuokoa. Nyuma ya picha andika namba hiyo hiyo na sahihi yako kwa kalamu isiyofutika. Una picha za simu za zile nne?

---

rangi_za_mbagala

Ninazo dada, nilizipiga zikiwa zimeegemea mtungi nyumbani 😭 na moja nilipiga siku ile ile hotelini mhudumu anaitundika. Hiyo ya elfu nane imeniuma sijui nicheke.

---

Mzee wa Amerikani

Marahaba binti yangu.

Mimi nimeanza kuchora 1989 pale Morogoro Stores Oysterbay, ile staili ya Tingatinga, kabla hata wenzetu hawajasajili ile cooperative 1990. Kwa hiyo nitaongea kama mtu mzima aliyekosea mengi.

Unauliza chuo. Chuo kipo, TaSUBa Bagamoyo wanafundisha, ukipata nafasi na ada nenda, utachora mwili wa binadamu vizuri zaidi na utapata watu. Lakini sio tiketi. Mzee wetu Edward Saidi Tingatinga katokea huko Tunduru, kafanya kazi za mkonge, kafanya kazi za ndani kwa wazungu, kuchora kaanza 1968 hivi, rangi za baiskeli juu ya hardboard, akauza pale nje ya maduka. Hakuna aliyemuuliza cheti. Na Lilanga, George Lilanga, yule ambaye kazi zake zimezunguka Ulaya na Marekani, pale Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii Dar, aliingia kama mlinzi. Na hawa wa rika lenu yuko Sungi Mlengeya, kasomea mambo ya fedha, kafanya kazi benki, 2018 kaacha kaingia kwenye kuchora moja kwa moja, hajasomea sanaa. Ukiangalia kazi zake utaona kitu kimoja, wanawake weusi na nafasi nyeupe tupu, basi, kakaa hapo hapo mpaka ukiona tu unajua ni yeye. Wewe una mikono. Usiiache ukaanza twiga kesho kwa sababu twiga anauzika. Twiga tuachie sisi.

Ila nakwambia na upande wa pili. Mzee Tingatinga kafa 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, kachora miaka minne tu hivi, na hakuacha daftari. Sasa hivi picha zenye jina lake ziko nyingi na watu wanagombana ipi ya mkono wake ipi sio. Kwa hiyo hilo daftari analosema mwenzangu hapo juu si mambo ya uhasibu tu. Mimi mwenyewe nimechora labda elfu mbili, siwezi kukuonyesha hata hamsini. Zimekwenda na watalii. Mwaka juzi kijana mmoja aliniuliza mzee kazi zako za miaka ya tisini ziko wapi akafanye utafiti, nikabaki natazama mikono yangu.

Vifaa. Usikimbilie kanvasi ya kununua, inakumaliza. Amerikani nzito, ivute kwenye fremu mpaka ukigonga inalia kama ngoma, anzia katikati ya kila upande ndo uende kwenye kona, ukianzia kona itakunja. Gundi nyeupe ya mbao changanya na maji iwe kama uji wa mgonjwa, paka, ikauke usiku kucha. Halafu rangi nyeupe ya maji mara mbili, piga msasa laini katikati. Picha unayotaka kuisafirisha usiichore kwa rangi ya gloss, gloss ikikunjwa inapasuka, tumia akriliki. Na ukiikunja rangi iwe nje sio ndani, juu ya bomba pana la plastiki, katikati weka karatasi ya kuokea sio nailoni, joto la Dar nailoni inanasa na rangi unakuja kubandua ngozi. Nimebandua ngozi mimi, picha ya mteja.

Na utoke chumbani. Nenda Nafasi, kituo cha wasanii pale Mikocheni, wapo tangu 2008, studio zao ni makontena. Nenda tu siku wana maonyesho, usibebe picha, angalia watu wanafanyaje kazi, salimia. Mara ya tatu ndo ubebe.

---

kanvasi254

Mambo wadau, niko Nairobi, nimepita tu nikaona hii nikashindwa kunyamaza.

Dada hiyo kitu ya vibao vya kinyozi usiiaibikie hata kidogo. Hapa Kibera kuna Maasai Mbili, ilianza 2001 na vijana wawili waliokuwa wanaandika mabango ya maduka, leo ni studio inayojulikana hadi nje. Mkono wa kibao unajua kuongea na mtu anayepita mbio, wa chuo wanalipia kujifunza hiyo.

Mimi nilipoanza nilikuwa nangoja galari inipigie simu. Nikangoja miaka mitatu. Kilichonisaidia ni kitu kidogo sana, tulikuwa watu wanne, tukakodi garaji moja tukagawana rent, na kila Alhamisi jioni kila mtu anaweka kazi moja chini na wengine wanasema ukweli. Ukweli kabisa, si hizi za moto moto. Siku ya kwanza niliambiwa background zangu zinafanana na pazia la hospitali, nikanuna wiki mzima, lakini ilikuwa kweli. Mwaka uliofuata tukafungua garaji Jumamosi moja, tukapanga kazi kumi na mbili za kila mtu, chai na mandazi, daftari la wageni mlangoni, jina na namba ya simu. Tuliuza tatu tu. Lakini lile daftari lilikuwa na watu 61, na kati yao ndo wametoka karibu wanunuzi wangu wote wa miaka minne iliyofuata. Nawatumia meseji mara nne kwa mwaka, si zaidi, picha tatu mpya na bei imeandikwa. Akaunti ya Instagram inaweza kufungwa kesho asubuhi bila sababu, namba za simu kwa kitabu hakuna anayekunyang'anya.

Na usitume kazi moja moja kama samaki wa rejareja. Kaa na hiyo mikono ufikishe kama kumi na tano zinazoongea pamoja, halafu andika aya moja kwa Kiswahili chako unasema ni nini na kwa nini, kama vile umeeleza hapo juu ya msimbazi umefichwa ndani. Hiyo sentensi yenyewe inatosha, usiende kuweka maneno makubwa ati "inachunguza utambulisho".

Kuhusu kazi ya mchana, mimi nilifundisha chekechea miaka mitano. Inakupa uwezo wa kukataa. Mtu akikuletea bei ya matusi unasema asante sana, kwa sababu ugali uko.

---

rangi_za_mbagala

Nimesoma zote mara mbili mbili, mzee Mungu akupe maisha marefu, kaka wa Nairobi nimecheka pazia la hospitali maana zangu pia 😂

Nimenunua kauntabuku, ziko 19 ukihesabu iliyouzwa. Na jana kuna mtu kaniandikia inbox, anasema yuko Marekani, mke wake alikuwa anaangalia kazi zangu akazipenda, anataka tatu kwa dola 2,400, atatuma cheki ya dola 3,900 kwa sababu ndani yake kuna hela ya wakala wa usafirishaji, cheki ikiingia mi nimtumie wakala ile iliyozidi. Ni kweli hii au naota?

---

hesabu_kwanza

UNAOTA. Usimjibu. Hiyo ni kamba ya siku nyingi, wanaandikiwa wachoraji dunia nzima, na karibu kila mara kuna mke aliyekuwa anaangalia picha. Cheki ni feki lakini benki inaweza kuonyesha hela imeingia kabla haijagundulika, wewe unamtumia "wakala" dola zako 1,500 za kweli, baada ya wiki kadhaa cheki inarudi na benki wanakudai wewe. Angalia pia kama kataja picha kwa jina. Huwa hawataji, wanasema "your works" tu. Mnunuzi wa kweli anauliza vipimo, anauliza rangi ni nini, anasumbua.

Sheria yako iwe moja, hela kamili iingie kwako kwanza, usafiri anapanga na kulipa yeye, wewe humrudishii mtu chenji. Chenji waachie makonda wako.

Halafu hotelini. Usiende kulia. Print zile picha za simu (si una stationary!), andika barua ya ukurasa mmoja: kazi nne, namba, vipimo, tarehe uliyopeleka, meneja aliyepokea kwa cheo chake, makubaliano ya 40 kwa 60, unaomba ama zirudishwe ama walipe kama zimeuzwa, ndani ya siku 14. Nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea. Ile ya mhudumu anatundika ndo iwe juu kabisa, na kama simu imehifadhi tarehe ya kupigwa ioneshe. Safari nyingine ukipeleka mali kauli kuwe na karatasi ya makabidhiano imesainiwa pande mbili, inasema picha ni mali yako mpaka ilipwe, ikiharibika nani analipa, na inakaa miezi mingapi. Na ongeza mstari kwamba anayenunua ananunua picha, haki ya kuichapisha kwenye fulana na kalenda inabaki kwako.

BASATA (baraza la sanaa) kajisajili, COSOTA (wa hakimiliki) kasajili kazi, haki yako haitegemei hiyo ila siku ya ugomvi ni ushahidi mzuri. TIN, namba ya mlipakodi, chukua, ni bure, maana kampuni ikitaka kununua picha ya ofisini swali la kwanza ni risiti.

---

Mjumbe_Nyumba_Kumi

Sawa nimesoma. Hiyo ya 30 kwa 40 mlisema ni 119,000? Inalipwa kwa awamu mbili?

---

rangi_za_mbagala

Mjumbe 😂😂 inalipwa kwa awamu mbili, picha inatoka ukimaliza. Dada wa hesabu ndo kanifundisha hapo juu.

Jamani mrejesho. Nimeenda hotelini leo na barua na picha. Yule meneja mpya kabadilika sura alipoona mhudumu yuko kwenye picha, kumbe yule dada bado yupo, akaitwa, akasema ndiyo ni huyu binti alileta. Tatu nimerudishiwa, moja ina alama ya chai kwa chini ila sio mbaya. Ya nne iliuzwa tangu mwezi wa tano, wamenilipa kwa simu hapo hapo laki moja na arobaini na nne, sikuamini macho yangu. Wameniambia niache tena zile tatu, nikasema nitarudi na karatasi. Nilikuwa natetemeka ila nilisema.

Kwenye daftari nimeandika namba 011, iko wapi, nikaweka "haijulikani, mgeni wa hotel, chumba hawajui". Imeniuma kidogo kuliko nilivyotegemea.

Mzee Jumamosi uko hapo Oysterbay? Nataka uniangalizie ninavyovuta amerikani, kona zangu zinakunja kweli kama ulivyosema. Nije na mita ngapi?

---

Mzee wa Amerikani

Nipo kuanzia saa tatu asubuhi. Njoo na mita tatu, na hiyo yenye alama ya chai uje nayo nione. Na stepla uje na yako, ya kwangu mmoja wenu aliazima mwezi wa nne mpaka leo.